Korti Imesimamisha, Korti Imerudisha: Wakili Ajibu Barua Zenu

Barua za mwezi huu karibu zote ni za korti na katiba, na hasira ndani yake ni nyingi. Nimechukua sita. Majina nimeyaacha nje, nimebakisha kazi ya mtu na mahali anakoandikia. Zingine nimezijibu kwa urefu kwa sababu naona wengi mmekwama hapo hapo.

*

*Habari yako wakili. Mimi ni mwalimu wa sekondari. Kila mwezi nikiangalia payslipi naona asilimia 1.5 ya nyumba imeenda. Si korti ilisema hii kitu ni kinyume cha katiba? Tulishangilia hapa ofisi ya walimu, ikasimama kidogo, ikarudi. Baadaye tukasikia Sheria ya Fedha yote imeangushwa, tukashangilia tena, kumbe nayo ikarudi. Hawa majaji wanacheza na sisi ama wanahongwa? — Mwalimu, Kakamega*

Mwalimu, tuzipange tarehe kwanza, manake ukiziona zimefuatana nusu ya hiyo hasira itapata pa kukaa.

Tarehe 30 Juni 2023, siku moja tu kabla makato mapya yaanze, Jaji Mugure Thande wa Mahakama Kuu alisimamisha Sheria ya Fedha ya 2023, ndiyo iliyoleta huo ushuru wa nyumba, kwenye kesi ya Seneta wa Busia Okiya Omtatah na wenzake. Watu wakasema imeanguka. Haikuwa imeanguka. Ile ilikuwa amri ya muda, jaji anasema ngojeni kwanza niwasikize wote. Tarehe 28 Julai Mahakama ya Rufaa ikaiondoa hiyo amri, na kesi yenyewe ikaendelea pale chini.

Hukumu yenyewe ilikuja 28 Novemba 2023, majaji watatu. Walikataa kuiangusha sheria nzima lakini ushuru wa nyumba wakasema haupatani na katiba, kwa sababu ulikuwa hauna msingi kamili wa kisheria na ulikuwa unawabana wenye mshahara peke yao huku wenye mapato mengine wakiachwa. Hapo mlikuwa na sababu ya kushangilia, sawa. Lakini siku hiyo hiyo majaji hao hao waliisitisha hukumu yao mpaka 10 Januari 2024 ili serikali ipate nafasi ya kukata rufaa, ndio sababu mshahara wa Desemba ulikatwa kama kawaida na simu zikawa zinanifikia usiku watu wakiniuliza kwani korti inadharauliwa hivi. Haikuwa imedharauliwa. Korti yenyewe ndiyo iliruhusu. Tarehe 26 Januari 2024 Mahakama ya Rufaa ikakataa kurefusha huo muda na makato yakasimama.

Sasa hapa ndipo wengi mlipotea njia. Bunge halikungoja rufaa imalizike, lilitunga sheria mpya kabisa, Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu, ikatiwa saini 19 Machi 2024, na hii mpya inamgusa mwenye mshahara na pia mtu mwenye mapato bila kuajiriwa. Umeona walichofanya? Walisoma kile majaji walichokosoa wakaenda kukiziba. Kwa hivyo ile asilimia 1.5 unayoiona leo kwenye payslipi inatoka sheria ya 2024, sio ile iliyoshindwa 2023, na hiyo ya 2024 nayo ilipelekwa Mahakama Kuu na Oktoba ya mwaka huo ikapita. Unaweza kuichukia hiyo sheria, una haki yako, lakini usiseme wanakukata wakivunja hukumu ya korti.

Ile furaha yenu ya pili ilikuwa 31 Julai 2024. Mahakama ya Rufaa ilisema Sheria ya Fedha 2023 yote ni batili, sababu kubwa ikiwa namna wananchi walivyoshirikishwa. Tarehe 20 Agosti Mahakama ya Juu ikasimamisha uamuzi huo kwa muda, na 29 Oktoba ikautengua. Kwa sheria ile, hapo ndio mwisho wa barabara.

Kwa hivyo wewe uliona korti moja inabadilisha mawazo kila wiki, lakini mimi nikihesabu naona ngazi tatu za korti, na naona vitu vya aina nne ambavyo redio inavisoma kwa sauti moja: amri ya muda, hukumu, kusitishwa kwa hukumu, na kutenguliwa kwa hukumu. Amri ya muda ni kama mzee wa kijiji anaposema hapo mpakani hakuna mtu kulima mpaka tukae tusikizane. Hajasema shamba ni la nani. Mahakama ya Juu ilieleza mwaka 2014 kwenye kesi ya Munya kwamba jaji akiombwa amri kama hiyo anaangalia kama kesi ina hoja ya kubishaniwa, kama bila amri kesi itashindwa kuwa na maana hata mtu akishinda, na masilahi ya umma yako wapi. Hayo matatu tu. Ndio maana mtu anaweza kupata amri ya muda Jumatatu kisha ashindwe kesi yenyewe mwaka unaofuata, na hakuna jaji aliyemgeuka.

Kuhusu hongo nitasema wazi. Jaji akila pesa ni msiba kwa kila mtu anayesubiri haki, na aliye na ushahidi auwasilishe kwa Tume ya Huduma za Mahakama bila kuogopa. Lakini korti ya juu kutofautiana na ya chini sio ushahidi wa hongo. Kama zingekuwa lazima zikubaliane, rufaa ingekuwa ya nini?

*

*Dada wakili, sisi ni chama cha akina mama kumi na wanane. Kuna uwanja wa umma karibu na shule ya msingi, watoto wamecheza hapo tangu sisi wenyewe tukiwa wadogo, sasa umezungushiwa mabati na usiku lori zinaleta mawe. Tulienda ofisi fulani tukaambiwa kama si ploti yenu hamna haki ya kuuliza. Hatuna pesa ya wakili. Tufanye nini? — Mwenyekiti wa chama, Eldoret*

Mama mwenyekiti, hiyo lugha mliyoambiwa ilikuwa sheria kweli, zamani. Mwaka 1989 Profesa Wangari Maathai alienda Mahakama Kuu kuzuia jengo la orofa 60 lisijengwe ndani ya Uhuru Park, kesi dhidi ya Kenya Times Media Trust, na Desemba mwaka huo kesi ikatupwa. Korti haikusema bustani ni mali ya nani, haikuuliza kama miti itakatwa, ilimwambia tu yeye kama yeye hana haki ya kuleta kesi ile, kwamba hajaonyesha ameumizwa vipi tofauti na watu wengine. Kila nikiirudia kesi ile roho inaniuma. Uhuru Park haikuokolewa na korti, iliokolewa na kelele zake na waliotakiwa kutoa pesa wakajiondoa.

Katiba ya 2010 ilikuja kuziba pengo hilo na ukiisoma ni kama waliiandika wakimfikiria yeye. Kifungu cha 22 kinasema kila mtu anaweza kwenda kortini haki zikivunjwa au zikitishiwa, iwe kwa niaba yake, kwa niaba ya mwingine asiyeweza, kwa niaba ya kundi, ama kwa masilahi ya umma. Kifungu cha 258 kinasema vivyo hivyo pale katiba yenyewe inapovunjwa. Halafu kuna cha 70 kuhusu mazingira, ambacho kinasema mlalamishi halazimiki kuonyesha kwamba mtu yeyote amepata hasara au ameumia. Kwa hivyo anayewaambia si ploti yenu anawajibu kwa sheria ya 1989.

Pesa. Kifungu hicho cha 22 kinasema hakuna ada ya kufungua kesi ya haki za binadamu chini yake. Na kanuni za 2013, zile mawakili tunaziita Kanuni za Mutunga kwa sababu zilitolewa wakati Willy Mutunga ni Jaji Mkuu, zinaruhusu korti kupokea malalamiko kwa barua ya kawaida, hata kwa mdomo yakaandikwa na korti.

Niliwahi kuona hii kitu ikifanyika, sio hadithi. Nilikuwa masjala ya korti moja nikingoja faili langu, mbele yangu kuna mama amebeba karatasi mbili za daftari la hesabu, zile za miraba, ameandika kwa kalamu ya bluu pande zote mbili mpaka pembeni. Karani akamrudishia akamwambia hii sio kesi, nenda utafute wakili akutaipie. Mama hakubishana. Alizikunja zile karatasi taratibu akazirudisha kwenye bahasha. Nilimshika mkono nikamwambia ngoja, tukaenda kwa naibu msajili, nikafungua zile kanuni kwenye simu, akasoma kanuni, akasoma barua ya mama yote hadi ile sehemu ya pembeni, kisha akapiga muhuri. Muhuri ule na tarehe yake kwenye karatasi ya miraba, sitausahau.

Sasa msinielewe vibaya, kufungua sio kushinda. Tangu kesi ya Anarita Karimi ya 1979 korti zetu zinataka mtu aseme ni kifungu gani kimevunjwa na kimevunjwa vipi, na wengi wanaojiwakilisha wanashindwa hapo, wanaandika kurasa kumi za uchungu bila kutaja lini, nani, wapi. Nyinyi anzeni na sachi rasmi ya ardhi mjue uwanja umeandikwa jina la nani. Pigeni picha za hayo mabati na lori, zenye tarehe. Tafuteni wazee wawili watakaoapa hati ya kiapo kuhusu matumizi ya uwanja huo tangu zamani. Ombeni kwa maandishi, kwa serikali ya kaunti, kibali cha ujenzi kilichotolewa kama kipo, mbaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Kisha mwende Mahakama ya Mazingira na Ardhi hapo hapo Eldoret, na siku ya kwanza kabisa muombe amri ya muda ya kusimamisha ujenzi, manake mawe yakishakuwa ukuta na ukuta ukishakuwa nyumba kazi itakuwa ngumu zaidi.

Na mkishindwa mtalipishwa? Najua hilo ndilo linawanyima usingizi. Kwa kawaida anayeshindwa hulipa gharama za mwenzake, lakini kwenye kesi za katiba ni hiari ya jaji, na Mahakama ya Juu kwenye kesi ya Rai ya 2014 ilikubali kwamba pale kesi ni ya masilahi ya umma jaji anaweza kuachia kila mtu abebe zake. Mara nyingi hufanya hivyo mtu akija kwa nia safi. Siwezi kuwaahidi. Semeni waziwazi kwenye ombi lenu kwamba hakuna hata mmoja wenu anayetafuta faida yake.

*

*Wakili, kwani hii ya saa 24 ilienda wapi? Kijana wangu alishikwa Ijumaa jioni akaonekana kortini Jumatatu mchana. — Mzazi, Thika*

Pole mzazi. Kifungu cha 49 kinasema afikishwe kortini ndani ya saa 24, lakini kinaendelea na maneno ambayo watu hawayasomi: saa hizo zikiishia nje ya saa za korti au siku ambayo korti haifanyi kazi, basi ni hadi mwisho wa siku ya korti inayofuata. Ijumaa jioni ukihesabu saa 24 unaangukia Jumamosi, kwa hivyo Jumatatu iko ndani ya sheria, hata kama sote tunajua ni kwa nini wengine wanapenda kukamata Ijumaa.

Lakini wikendi haiondoi haki zingine. Alipaswa kuambiwa mara moja, kwa lugha anayoielewa, sababu ya kukamatwa, na kuruhusiwa kuongea na wakili na watu wengine ambao msaada wao anauhitaji. Kama kosa ni la faini tu au kifungo kisichozidi miezi sita, kifungu hicho hicho kinasema hawezi kuzuiliwa rumande. Na kama mngekuwa hamjui yuko kituo gani, kuna ombi la kutaka aletwe mbele ya jaji akiwa hai, kifungu cha 51, na hiyo ni kati ya haki nne ambazo katiba inasema haziwezi kupunguzwa kwa sababu yoyote. Andika kila kitu sasa ukiwa bado unakumbuka: saa aliyoshikwa, kituo, namba ya OB, yaani kile kitabu cha matukio cha polisi.

*

*Ndugu wakili, mwaka 2019 nilishinda kesi dhidi ya serikali, niliumizwa na polisi. Jaji akasema nilipwe fidia. Mpaka leo sijaona hata shilingi. Kuna jamaa kaniambia nichukue madalali waende wabebe magari ya wizara. Inawezekana? — Fundi wa magari, Nakuru*

Fundi, usithubutu. Huyo jamaa atakuingiza kwenye hasara nyingine. Mtu wa kawaida akishindwa kesi asipolipa unatuma dalali, lakini Sheria ya Kesi Dhidi ya Serikali, kifungu cha 21, inakataza kabisa kukamata mali ya serikali, na siku hizi hata ya kaunti. Wazo lake ni kwamba gari la wagonjwa lisibebwe kwa sababu ya deni la ofisi nyingine. Naelewa wazo lenyewe. Lakini nimeona matokeo yake kwa miaka, watu wenye hukumu mkononi wakizeeka nazo, kuna mteja wangu mmoja aliyeitia hukumu yake plastiki kama cheti cha kuzaliwa na alikuwa anakuja nayo ofisini kila Januari.

Njia ipo, ni ndefu, na wengi hawaambiwi kwamba baada ya hukumu kazi bado. Kwanza hakikisha dikrii, yaani ile amri rasmi inayotokana na hukumu, imetolewa na gharama zako zimekadiriwa. Kisha, siku 21 baada ya hukumu kupita, unaomba kwa msajili cheti maalum cha amri dhidi ya serikali. Hiki ndicho kinachokosekana kwenye faili nyingi ninazoletewa. Mtu ana hukumu, ana dikrii, hana cheti, na bila hicho wizara itakwambia haina cha kulipa. Ukikipata unakipeleka kwa Mwanasheria Mkuu na kwa afisa anayesimamia hesabu za wizara husika, mara nyingi ni Katibu wa Wizara, na uhakikishe nakala yako imegongwa muhuri wa kupokelewa.

Wakinyamaza, unarudi Mahakama Kuu kuomba amri ya kumlazimisha huyo afisa, yeye kama afisa, atekeleze wajibu wake wa kulipa. Hiyo ni kesi nyingine ndogo, ndio, na inauma kuambiwa hivyo baada ya kushinda. Lakini tofauti yake ni kubwa. Kabla ya hapo ulikuwa unaidai serikali, kitu kisicho na uso. Sasa kuna mtu mwenye jina na ofisi ambaye korti imemwambia alipe, na asipolipa tena ni kudharau korti, anaweza kuitwa ajieleze, atozwe faini, hata afungwe.

Kama unafikiri wakubwa hawaguswi, kumbuka Machi 2018 kwenye sakata la Miguna Miguna, yule wakili na mwanasiasa aliyefukuzwa nchini. Jaji George Odunga aliwatoza waziri wa usalama wa ndani, Inspekta Jenerali wa polisi na Katibu wa uhamiaji faini ya shilingi 200,000 kila mmoja, zikatwe kwenye mishahara yao, kwa kutotii amri. Je, Miguna aliruhusiwa kuingia nchini baada ya hapo? La, alirudi Oktoba 2022, baada ya serikali kubadilika. Nakupa pande zote mbili kwa sababu sitaki nikudanganye: korti haina askari wake, inategemea serikali ile ile itii, na afisa anayekataa amri ya jaji anakuharibia wewe fundi wa Nakuru kuliko anavyomharibia mwanasiasa, manake mwanasiasa ana magazeti, wewe una karatasi tu.

Hukumu ina uhai wa miaka 12. Yako ya 2019 bado iko hai, lakini usikae nayo. Anza na cheti wiki hii.

*

*Mwanangu wakili, salamu. Mimi nilitia saini ya BBI, ule mpango wa kubadilisha katiba, na wenzangu zaidi ya milioni. Majaji saba wakakaa wakasema hapana. Katiba si inasema mamlaka yote ni ya wananchi? Majaji walichaguliwa na nani? — Mzee mstaafu, Voi*

Mzee wangu, salamu nimepokea kwa heshima, na swali lako ni zito, hata chuoni linabishaniwa.

Kifungu cha kwanza kabisa kinasema mamlaka ni ya wananchi, ni kweli. Lakini kinaongeza kwamba yanatumika kulingana na katiba hii. Wananchi wenyewe 2010 walipopiga kura walijiwekea masharti ya namna ya kuibadilisha, vifungu vya 255 hadi 257. Kuna njia ya Bunge na kuna njia ya wananchi. Ile ya wananchi inataka saini milioni moja za wapiga kura waliosajiliwa, mabunge ya kaunti 24 au zaidi yakubali, iende Bunge, na kama inagusa mambo mazito yaliyotajwa kifungu cha 255 lazima iende kura ya maamuzi.

Mei 2021 Mahakama Kuu iliizuia BBI, Agosti mwaka huo Mahakama ya Rufaa ikakubaliana nayo kwa mengi, na 31 Machi 2022 Mahakama ya Juu ikatoa neno la mwisho. Na neno hilo halikuwa hapana tupu. Korti mbili za chini zilikuwa zimesema katiba yetu ina muundo msingi, nguzo ambazo hata Bunge na kura ya maamuzi ya kawaida haziwezi kuzing'oa, wazo lililotokea India kwenye kesi ya Kesavananda ya 1973. Mahakama ya Juu ikasema wazo hilo halitumiki Kenya, masharti ya 255 hadi 257 yanatosha kuilinda. Hapo mzee, wewe na wenzako mlishinda na hakuna aliyewaambia. Wananchi wa Kenya wanaweza kubadilisha kifungu chochote wakifuata njia.

Tena ilisema Rais hawezi kushtakiwa kortini kwa kesi ya madai akiwa madarakani kwa mambo aliyoyafanya akitumia mamlaka yake. Palipoibomoa BBI ni hapa: njia ya saini ni ya wananchi, na Rais sio mwananchi wa kawaida kwa jambo hilo, hawezi kuwa ndiye mwanzilishi wake. Sio kwamba saini yako ilikuwa chafu. Walisema aliyeianzisha safari alipita mlango usio wake.

Binafsi naona hapo walisema kweli. Mwenye Ikulu, mwenye wabunge, akipewa tena na ile njia ya saini iliyowekwa kwa ajili ya watu wasio na Ikulu wala wabunge, itabaki njia gani ya mtu kama wewe? Kwenye muundo msingi ndipo nina mashaka nao. Nafikiri kuna vitu, kama uhuru wa mahakama, ambavyo kufuata utaratibu tu hakutoshi kuvilinda, na ningependa siku moja swali hilo lirudi. Lakini kwa leo sheria ni hiyo waliyosema.

Na majaji walichaguliwa na nani: Tume ya Huduma za Mahakama huwahoji hadharani, hupendekeza, Rais huwateua, na kwa Jaji Mkuu na naibu wake Bunge lazima liidhinishe. Hawapigiwi kura, na mimi nashukuru. Tarehe 1 Septemba 2017 majaji wanne kati ya sita waliokaa, David Maraga akiongoza, walifuta uchaguzi wa rais aliyekuwa madarakani. Jaji anayetafuta kura asingeweza.

*

*Wakili, kwenye grupu letu kila siku mtu anatuma PDF anasema korti imeamua hivi. Nitajuaje ni ya kweli? — Mwanafunzi, Machakos*

Fungua PDF uangalie juu kabisa: jina la korti na mji wake, namba ya kesi na mwaka, majina ya wanaoshtakiana, jina la jaji. Kisha ingia Kenya Law, tovuti inayoweka maamuzi ya korti, ni bure, utafute kwa hiyo namba. Uamuzi wa leo unaweza kuchukua muda kupandishwa, kwa hivyo kutouona saa hiyo sio lazima iwe ni feki, subiri.

Ukishajua ni wa kweli nenda moja kwa moja ukurasa wa mwisho, pale jaji anapoorodhesha amri zake. Hapo utaona kama amesema "hadi kesi isikizwe pande zote mbili" ama ametoa tamko la mwisho, kama amesitisha hukumu yake na mpaka tarehe gani, na tarehe ya kurudi kortini ni lini. Yule mwalimu wa Kakamega hapo juu, kama mtu mmoja ofisini kwao angefungua ukurasa wa mwisho ile 28 Novemba 2023, wangejua siku hiyo hiyo kwamba mshahara wa Desemba utakatwa. Wewe ukishausoma, piga picha ya huo ukurasa na ndio utume kwa grupu, sio kichwa cha habari.